Mbwa wa Mheshimiwa Jaji

Kuna msomaji amemwandikia mhariri kwamba mimi natia chumvi. Eti mtu mmoja hawezi kupatwa na yote haya ndani ya mwaka mmoja. Ndugu yangu, kama ningekuwa na kipaji cha kutunga, kitu cha kwanza ningejitungia kazi.

Kwa ambaye gazeti la wiki iliyopita lilimpita, mambo ni haya. Mimi ni mchoraji wa mabango. Tuseme nilikuwa. Zahanati moja ilinipa ukuta mzima niandike KITUO CHA AFYA, herufi ndefu kama mtu, nikaisahau Y. Wagonjwa waliposoma KITUO CHA AFA wakageuza njia, na wateja wangu wakageuza pamoja nao. Mwezi uliofuata nikajaribu kuziba bomba lililokuwa likivuja kwenye chumba tulichopanga. Nikajaza maji chumba chetu, cha jirani, na cha jirani wa jirani. Mke wangu akasema, "Twende kwetu." Tukahamia kwa wakwe.

Na baba mkwe ni fundi bomba mstaafu. Aibu yangu ipimeni wenyewe.

Niliishia pale nilipoisahau sabuni kwenye sakafu ya bafu, baba mkwe akaikanyaga, mguu wake wa kushoto ukavunjika mahali pawili. Hakunilaumu. Heri angenilaumu. Alinitazama kutoka pale chini, mguu umeshaanza kuvimba, akasema neno moja tu:

"Sasa nani atamtembeza Meneja?"

Meneja ni mbwa.

Ni mbwa wa kilo arobaini, rangi ya gunia, sikio moja limesimama na la pili limelala. Kwa miaka sita baba mkwe alikuwa akimpeleka kila asubuhi kwenye bustani ya mjini, mtaa wa tatu kutoka nyumbani. Mvua, jua, mafua, hakukosa.

Jumatatu asubuhi, mke wangu ameshakwenda kiwandani, nikaitwa chumbani. Mzee amelala chali, plasta mpaka gotini, mguu juu ya mito miwili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Chukua kamba. Ni mzunguko mmoja tu. Njia ya saruji, imelala kama mkeka, haina hata kilima cha kumtoa jasho sisimizi. Dakika ishirini na tano umerudi."

"Sawa, baba."

"Watu watakusalimia. Itikia, pita."

"Sawa, baba."

Akanishika mkono. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunishika mkono.

"Kuna benchi la kijani karibu na bwawa la bata. Usikae hapo."

"Kwa nini, baba?"

Mama mkwe akaingia na kikombe cha chai. Baba mkwe akauachia mkono wangu, akageuzia uso ukutani, akaanza kukoroma. Macho yake yalikuwa wazi.

Nakiri hapa, kwa kuwa huu ni ukurasa wa kukiri, kwamba naogopa mbwa. Kamba niliishika kwa ncha za vidole, mkono nimeunyoosha, kama mtu anayekwenda kutupa panya aliyekufa. Meneja hakujali. Alitembea mbele polepole, kifua mbele, akikagua nguzo moja moja kama mkaguzi wa shule.

Njia kweli ilikuwa tambarare. Wazee walikuwa wakitembea, kina mama wakikimbia, kila mtu na jasho lake. Mama mmoja mnene aliyevaa raba nyeupe akasimama mbele yetu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Mgongo wangu ukanyooka wenyewe. Miezi minane hakuna aliyeniita hata bwana.

"Marahaba, mama."

"Si wewe," akasema. Alikuwa anamwamkia mbwa.

Hatua hamsini mbele, mzee mwenye fimbo akamwuliza Meneja ameamkaje. Kisha vijana wawili waliokuwa wakikimbia wakapunguza mwendo walipompita, kama magari yanavyofanya mbele ya askari. Nikaanza kuhisi kuna jambo silijui. Nikakaza mwendo.

Tulipofika bwawa la bata, Meneja akaliona benchi la kijani, akalala chini mbele yake.

Nikavuta. Hakutikisika. Nikasukuma kwa nyuma. Nikambembeleza, nikamtishia, nikamwita Meneja, nikamwita kaka, nikafika mahali pa kumwita baba. Kilo arobaini za mbwa asiyetaka kuinuka ni sawa na kabati la nguo. Pumzi zikaniishia. Nikaketi. Kuvuta pumzi tu, haki ya Mungu, sikuwa na nia nyingine.

Nilipoketi, watu wote waliokuwa kwenye nyasi wakasimama.

"Kooorti!" sauti ikaita.

Mwenye sauti alikuwa mzee mwembamba ndani ya traksuti nyekundu, daftari kwapani. Wenzake walimwita Mzee Traksuti. Akaja, akanitazama juu mpaka chini, akamtazama mbwa, akanirudia.

"Jaji yuko wapi?"

"Jaji gani?"

"Jaji mstaafu. Mwenye mbwa huyu. Miaka sita anatuamulia kesi hapa, hajawahi kukosa siku."

Nikahisi benchi linazama nami. Baba mkwe! Mtu ambaye nyumbani haulizwi hata kama chumvi imekolea. Mtu ambaye akianza kusema mezani, mama mkwe humsogezea mkate ili anyamaze.

Wasomaji wangu, dhambi yangu ilianzia hapo. Ukweli ulikuwa maneno machache: yule si jaji, yule ni fundi bomba, kwaherini. Lakini walikuwa watu zaidi ya ishirini, wamesimama kwa ajili yangu, kofia mikononi. Hakuna mtu aliyewahi kunivulia kofia. Na ulimi hauna mfupa.

"Mheshimiwa anaumwa," nikasema. "Amenituma mimi."

"Wewe ni nani?"

"Naibu."

Mzee Traksuti akaandika. "Kesi ya kwanza!"

Wakasogea wanaume wawili. Mmoja kinyozi, koti lake jeupe lina vipande vya nywele mabegani. Wa pili mzee mmoja upara mtupu, mdomo wa juu unang'aa kama wa mtoto.

"Mheshimiwa Naibu," akasema yule wa upara, sauti imejaa machozi, "nilikuwa na masharubu. Miaka kumi na tisa! Mji mzima unaniita Bwana Masharubu. Juzi nikakaa kwenye kiti cha huyu bwana, nikamwambia apunguze nywele. Mara simu ikalia. Mke wangu ananiuliza nyanya zilizooza azifanyeje. Nikamjibu, 'Toa zote! Usibakize hata moja!' Kisha usingizi ukanipitia."

"Mheshimiwa," akadakia kinyozi, "wembe uko mkononi, mteja anasema toa zote. Mimi nitajuaje habari za nyanya?"

"Nywele namsamehe, zilikuwa zinaondoka zenyewe. Lakini masharubu!"

"Unataka nini?" nikauliza.

"Anyolewe nyusi. Atembee bila nyusi mpaka yangu yaote."

Watu wakaguna kwa kukubali. Kinyozi akazifunika nyusi zake kwa viganja.

Mzee Traksuti akaninong'oneza, "Sasa hapa Mheshimiwa husema, 'Tumsikilize Meneja.'"

"Tumsikilize Meneja," nikasema, mwili ukanisisimka.

Meneja akainuka, akamnusa kinyozi viatu, akamnusa Bwana Masharubu magoti, akapiga mwayo mrefu, akalala tena.

"Mwayo!" watu wakasema kwa pamoja.

"Mwayo maana yake nini?" nikanong'ona.

"Wote wana makosa. Adhabu ni juu yako."

Mchoraji akikosa kazi haiachi kalamu. Yangu, ile nene ya wino mweusi wa kuandikia vibao, ilikuwa mfukoni. Nikaitoa. "Bwana Masharubu, keti. Kinyozi, mshike kichwa asitikisike. Hukumu ya korti hii ni kwamba kilichoondolewa kirudishwe."

Nikamchorea. Sijui ni nini kilichoniingia, lakini mkono haukutetemeka. Nikayapandisha kushoto na kulia kama pembe za fahali, nikayamalizia kwa kijimkia kila upande. Watu walicheka, bata wakaruka bwawani. Kinyozi akatoa kioo chake cha mkononi. Bwana Masharubu akajitazama, akageuka upande, akajitazama tena. Chozi likamtoka.

"Ni mazuri kuliko ya kwanza," akasema. Kisha, "Yanatoka kwa sabuni?"

"Yanatoka," nikasema. Wino ule niliwahi kuuandikia tangi la maji, likapigwa na mvua ya miaka minne bila herufi kufutika.

Walipiga makofi. Dakika ishirini na tano zilikuwa zimeshapita kitambo, nami sikuwa na habari. Nikaweka mguu mmoja juu ya mwingine.

"Kesi inayofuata!" nikasema mwenyewe, bila kuulizwa.

"Mlalamikaji hataki kutaja jina," akasoma Mzee Traksuti. "Mlalamikiwa ni mumewe."

Akasogea mwanamke mwenye mtandio na miwani myeusi. Sikumtazama sana, nilikuwa nafunga kifuniko cha kalamu.

"Sema, mama, usiogope. Hapa uko kwa mwanao."

"Nimeolewa miaka thelathini na tisa," akasema. "Sina ugomvi na mume wangu. Lakini kila asubuhi anaaga anatoka dakika ishirini na tano, anarudi baada ya saa mbili. Na akirudi anapiga mluzi! Mwanamume wa miaka sabini anapiga mluzi wa nini kama hakuna mwanamke? Leo yuko kitandani hawezi kunyanyuka. Nikasema nije mwenyewe niulize, na nikasikia kuna jaji."

Kalamu ikanidondoka. Sauti ile ndiyo inayoniamsha kila siku kuniuliza kama leo nitapata kazi.

Akavua miwani, ndipo akaniona vizuri.

"Mkwe?"

"Shikamoo, mama."

"Na Meneja?"

Meneja akamtikisia mkia.

"Kumbe mnafahamiana na Naibu?" akauliza Mzee Traksuti, kalamu tayari.

"Naibu wa nani?"

"Wa Jaji. Mwenye mbwa huyu. Mzee mrefu, kofia ya kijivu, hukohoa mara mbili kabla ya kusema."

Mama mkwe akaketi kwenye benchi, polepole, kama anayeketi juu ya mayai. Nikaona nimebanwa pande zote. Nikisema kweli, namvua nguo baba mkwe mbele ya watu wake. Nikinyamaza, mama huyu anarudi nyumbani kufunga sanduku. Nikamwinamia sikioni.

"Mama, hana mwanamke. Naapa. Alikuwa anakuja kufanya ujaji."

"Nimeelewa," akajibu, macho kwenye bata. "Heri angekuwa na mwanamke. Mwanamke ningejua la kumfanya. Ujaji nitaufanyaje?"

Kisha akasimama, akajifunga mtandio vizuri.

"Kesi yangu itasikilizwa na Jaji mwenyewe," akatangaza. "Nyumbani kwake napajua. Nani anakuja?"

Walikuja wote.

Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nikampigia baba mkwe simu nimwonye. Simu ikalia ndani ya mkoba wa mama mkwe.

"Nilikuja nayo iwe ushahidi," akasema bila kugeuka.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema kwamba inaweza pia kuwa tambarare, ya saruji, na mbele yake anatangulia mbwa kifua mbele, na nyuma ya mbwa wanafuata watu ishirini na sita, mmoja amechorwa masharubu. Waliokuwa wakikimbia walisimama kutazama. Wanne kati yao wakajiunga bila kuuliza tunakwenda wapi.

Chumba cha wakwe kina kitanda, kabati, na spana kubwa ya mabomba iliyotundikwa ukutani juu ya kitanda, mahali ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Baba mkwe alisikia miguu ukumbini. Mlango ulipofunguliwa alikuwa ameshavuta shuka mpaka kidevuni. Akaniona mimi, akamwona mkewe, akaiona bustani nzima inaingia chumbani kwake.

"Kooorti!" akaita Mzee Traksuti, sauti ikapiga dari.

Baba mkwe akakohoa mara mbili. Mazoea yana taabu.

Wengine wakakaa kwenye ukingo wa kitanda, wengine wakasimama mpaka kwenye kona ya kabati, waliokosa nafasi wakabaki ukumbini wakichungulia. Meneja akapanda miguuni pa mzee, karibu na plasta, akajikunja.

"Ndugu zangu," baba mkwe akaanza. Akaishusha shuka kutoka kidevuni, nami nikatamani sakafu ipasuke inimeze, maana mimi ndiye niliyemleta mpaka hapa, kwa sabuni na kwa ulimi. "Ndugu zangu, nisameheni. Mimi si jaji. Sijawahi kuingia mahakamani hata kwa kesi ya kuku. Mimi ni fundi bomba."

Nje gari lilipiga honi, likapita.

"Tunajua," akasema Mzee Traksuti.

"Mnajua?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Ulikuja kwangu kunisalimia, ukasikia sinki linagugumia, ukavua koti ukalizibua kwa waya wa kutundikia nguo. Mimi nimeona majaji, mzee. Hakuna jaji wa namna hiyo."

"Mimi ulinirekebishia tangi," akasema mama mwenye raba nyeupe.

"Mimi choo," akasema mtu kutoka ukumbini.

"Sasa mbona mliniita Mheshimiwa miaka yote hiyo?"

Mzee Traksuti akalitazama daftari lake kama anayetafuta jibu humo. "Hukumu zako zilikuwa nzuri," akasema.

Baba mkwe akaufunika uso kwa shuka. Shuka ikawa inapanda na kushuka. Nilidhani anacheka. Kisha nikaona mama mkwe amekwenda kukaa kichwani pake, ameishusha shuka taratibu, anamfuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Ungecheka."

"Ningecheka, ndiyo. Ningecheka sana. Halafu kesho yake ningekuja kusikiliza."

"Humu ndani nisiposema, hakuna anayeona nimenyamaza."

Mama mkwe alimshika mkono, na mimi nikatazama pembeni, maana kuna mambo ya wakwe ambayo mkwe hapaswi kuyaona. Watu wakaanza kusafisha koo. Nikajua yamekwisha. Nikashusha pumzi, ya kwanza tangu asubuhi, nikaanza kuwaonyesha mlango.

"Hakuna anayetoka," akasema mama mkwe.

Akasimama. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kesi ya kwanza nimeifuta. Ninayo ya pili. Mlalamikiwa ni mimi mwenyewe."

"Ya pili?" akauliza baba mkwe.

"Unakumbuka nilikwambia kabla yako niliolewa miezi saba, na yule mume akafa machimboni?"

"Nakumbuka. Mungu amrehemu."

"Usimwombee rehema. Hakufa. Alitoka asubuhi moja kununua mkate, hakurudi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Niliona aibu kusema nimekimbiwa, nikamwua kwa mdomo. Nikavaa nyeusi, watu wakaja kunipa pole. Miaka miwili baadaye ukaja wewe kutengeneza bomba."

Baba mkwe akajaribu kuinuka, plasta ikamrudisha.

"Aliwahi kukupa talaka?"

"Angenipa saa ngapi? Alikwenda kununua mkate."

Mzee Traksuti alikuwa ameacha kuandika. Nikafanya hesabu ya haraka kichwani: kama mama mkwe bado ni mke wa mtu mwingine, basi baba mkwe ni nani wake, na mke wangu ni mtoto wa ndoa gani, na mimi ninalala kwa nani humu ndani?

"Yamepita, mama," nikasema. "Miaka zaidi ya arobaini! Huenda kweli alishakufa."

"Leo kule bwawani," akaendelea kama hakunisikia, "nilipokuwa kwenye foleni, ulipomchora yule bwana masharubu, watu walicheka. Nyuma yangu kuna mtu alicheka kicheko cha puani, cha kukatakata. Kicheko hicho nilikisikia miezi saba mfululizo. Nikashindwa kugeuka kumtazama. Ndiyo maana nikasema, nani anakuja. Nikajua kama ni yeye atakuja. Hakuwahi kuweza kujizuia kufuata watu."

Akavizungushia macho vichwa vyote vilivyokuwa chumbani, kimoja kimoja.

"Yumo humu ndani."

Wanaume waliokuwa wamekaa kitandani wakasimama. Waliokuwa wamesimama bega kwa bega wakaachana. Kila mmoja alimtazama jirani yake.

Baba mkwe akakohoa mara mbili. Safari hii haikuwa mazoea.

"Mkwe," akaniambia, "funga mlango."

Waliokuwa ukumbini wakabanana ndani, nikaufunga. Nikageuza ufunguo mara mbili, nikamsikia nyuma yangu akisema, "Aliyekwenda kununua mkate ainue mkono," nikageuka.

Wanaume watatu walikuwa wameinua mikono.